Mambo Madogo Yalipoanza Kuuma: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya mjini Tanga. Nyumbani namuuguza mama yangu, aliyepooza upande wa kulia baada ya kupata kiharusi. Kwa muda mrefu kazi hizi mbili zilikwenda pamoja. Darasa la wanafunzi 80 nililimudu, mama nilimwogesha na kumlisha, madaftari nilisahihisha usiku, na bado nilibakiwa na nafasi ya kukaa barazani na majirani tukacheka. Kisha, bila mzigo wenyewe kuongezeka, nikaanza kuelemewa. Wanafunzi walikuwa walewale, hali ya mama ilikuwa ileile, mshahara nao haukubadilika. Niliyebadilika ni mimi.

Naandika kwa sababu kila nikitazama chumba cha walimu, wodi za hospitali na nyumba za mtaani kwetu, naona watu, hasa mabinti na wakwe wanaouguza wazee, wakipita njia hiyohiyo huku wakiambiwa kwamba wamekuwa wakali, au wamekuwa wavivu, au imani yao imepungua. Wengine hujiambia wenyewe. Nina yakini kwamba wengi wao tabia zao hazina kasoro yoyote. Uwezo wao wa kuhimili msongo umepungua, na kupungua huko kuna sababu zinazoweza kutafutwa zikapatikana.

1. Pima ukubwa wa maumivu dhidi ya ukubwa wa jambo

Mtu akifiwa akalia, hakuna wa kushangaa. Dalili niliyojifunza kuitazama ni pale jambo dogo linapopokewa na mwili kana kwamba ni msiba. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa na kalamu ya kubofya. Kila nilipogeukia ubao nilisikia tik, tik, tik kutoka madawati ya nyuma. Kelele hizo ni za kawaida kabisa darasani, na nimefundisha miaka mingi nikiwa nazo masikioni. Asubuhi ile mabega yalinipanda hadi karibu na masikio, taya zikakazana, na chaki ikakatikia mkononi kwa jinsi nilivyoibana. Hasira haikuwa na ukubwa unaolingana na kalamu.

Dalili nyingine ilijitokeza sokoni Mgandini. Nilisimama mbele ya mafungu ya nyanya, la shilingi 500 na la 1,000, nikashindwa kuchagua. Naona yote mawili, hela ninayo mkononi, lakini uamuzi hauji. Muuza nyanya, ambaye tunafahamiana, akasema kwa utani, "Mwalimu, leo umekuja kununua au kukagua?" Wenzangu waliokuwa karibu wakacheka. Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga.

Baadaye nilisoma kuhusu kazi ya Profesa Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ambaye kwa miaka mingi amechunguza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kupanga, kuchagua na kujizuia. Ameonyesha kwamba msongo ambao mtu hawezi kuudhibiti, hata usipokuwa mkubwa, unaweza kudhoofisha sehemu hiyo kwa haraka, na hapo sehemu za ndani zaidi, zinazoshughulika na hofu na hasira, zikashika usukani. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini nyanya na kalamu vilikuwa suala moja. Aliyeshindwa kuchagua fungu na aliyeshindwa kuvumilia mbofyo ni ubongo uleule uliochoka, katika kazi zake mbili tofauti.

Tangu hapo sijiulizi tu "nimekasirishwa na nini?" Huuliza pia: mwaka jana jambo kama hili lingenichukua muda gani kulisahau? Ikiwa mwaka jana lingepita kabla sijamaliza kikombe cha chai, na leo linanifuata hadi kitandani, basi kinachohitaji kutazamwa kiko ndani yangu.

2. Kuna kipindi ambacho mwili huonekana imara kuliko ulivyo

Mwaka 1936 daktari Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya utafiti Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewaweka panya katika mateso ya aina mbalimbali: baridi, majeraha, kulazimishwa kukimbia, dawa zenye sumu. Mateso yalitofautiana, lakini miili ya panya ilijibu kwa namna inayofanana: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tezi ya kinga iliyo kifuani ikasinyaa, na vidonda vikatokea tumboni. Akaeleza kwamba mwili hupita hatua tatu. Kwanza unashtuka. Kisha unazoea na kukinza. Mwisho, shida isipokoma, unachoka na kuvunjika.

Hatua ninayotaka kuizungumzia ni ya pili, kwa sababu ndiyo iliyotufumba macho mimi na walionizunguka. Katika hatua ya kukinza mtu huonekana shujaa. Mimi nilisifiwa. "Mwalimu ana roho ya chuma," walisema. Shuleni nilipewa majukumu zaidi kwa kuwa nilionekana naweza. Nilikuwa naamka saa kumi na moja bila kengele, nafua, napika uji, nambadilisha mama, nafika shuleni kabla ya paredi. Hakuna aliyeona gharama, kwa sababu katika hatua hiyo gharama hailipwi waziwazi.

Inalipwa ndani. Mwaka 1993 watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi homoni zilezile zinazotuokoa wakati wa hatari, kama adrenalini na kortisoli, zinavyouchakaza mwili zinapobaki juu kwa miezi na miaka. Shinikizo la damu hupanda, sukari huvurugika, mafuta hujikusanya tumboni, usingizi huwa mwepesi, kinga hulegea. Kila siku unayoamka na kujirekebisha ili uendane na shida huacha deni kidogo. Kwa hiyo siku unayoshindwa kuvumilia kalamu, tatizo lilianza zamani, katika miezi ile uliyokuwa ukipongezwa.

3. Walio karibu nawe huona kwanza

Binti yangu mkubwa alianza kuwa na swali jipya. Akirudi kutoka chuo husimama mlangoni, "Shikamoo mama," kisha ananiangalia usoni na kuuliza, "Nikwambie leo au kesho?" Habari yenyewe ilikuwa ndogo tu: ada ya mafunzo kwa vitendo, au kiatu kimekatika. Alikuwa amejifunza kunipimia. Mtoto anapoanza kuchagua siku ya kumwambia mama yake habari za kawaida, amekwisha kuona kitu ambacho mama mwenyewe hajakiona.

Mama naye aliona. Kiharusi kilimwachia maneno machache sana, na kuyatoa ni kazi kubwa kwake. Usiku mmoja, nikiwa namfuta, alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akakusanya nguvu, akasema: "Lala."

4. Usingizi uliokatwakatwa haujumlishwi

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, hasa kwenye makalio, nyonga na visigino, kwa sababu uzito wake unabana ngozi dhidi ya mfupa na damu haipiti. Hospitali tulielekezwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Nikamgeuza saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, kisha adhana ya alfajiri inanikuta niko macho. Nilikuwa nikijumlisha vipande: saa moja na nusu hapa, saa moja na robo pale, jumla inafika saa sita, basi nimelala. Hesabu ilionekana sahihi kwenye karatasi.

Mwili hauhesabu hivyo. Usingizi una mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90, na ndani yake kuna awamu nzito inayohitaji muda kufikiwa. Ukikatwa kila mara, unaanza upya kutoka juu. Wapo watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliochapisha mwaka 1997 matokeo ambayo ningependa kila kiongozi wa shule na hospitali ayajue: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za kutumia macho na mikono kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na nchi nyingi haziruhusu dereva kukivuka kiwango hicho. Hao walikuwa watu wenye afya waliokesha mara moja. Anayeuguza hukesha, kesho yake akakesha tena, kisha asubuhi akapanda bodaboda kwenda kusimama mbele ya watoto wa watu.

Nilichofanya ni kuzungumza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia mama. Aliikagua ngozi yake, akalikagua godoro, akatuelekeza tupate lililo bora zaidi, na baada ya kuona ngozi iko salama akaturuhusu kurefusha muda kati ya kugeuza na kugeuza usiku. Nasisitiza kwamba aliyekagua ni yeye. Mtu asiamue hilo mwenyewe kwa kusoma makala, maana kidonda cha kulalia kikishaingia ndani kinaweza kuua. Lakini swali lilifaa kuulizwa, na kabla ya hapo hakuna aliyeniambia kwamba linaulizika.

Halafu kuna chai. Watu wa Tanga tunakunywa chai ya rangi jioni kana kwamba ni maji. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu mwilini. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kina nusu ya nguvu zake saa tano usiku. Jioni siku hizi nanywa mchaichai.

5. Pima damu kabla ya kuulaumu moyo

Hili ndilo ninalotaka wanawake wenzangu walisome mara mbili.

Nilikwenda kwenye zahanati kwa sababu ya mapigo ya moyo. Nikipanda ngazi kwenda darasa la ghorofani moyo ulikuwa unapiga hadi nausikia masikioni, na nilishajiambia kwamba ni wasiwasi tu. Tabibu aliyenipokea alikuwa kijana, na nilitarajia aseme "punguza mawazo, mama." Hakusema. Alivuta kope yangu ya chini, akaangalia rangi, akaangalia viganja na kucha, kisha akauliza maswali ambayo sikuwa nimewahi kuyahusisha na ukali wangu. Hedhi inachukua siku ngapi? Inatoka kwa mabonge? Unahisi hamu ya kula vitu visivyo chakula?

Hilo la mwisho lilinishangaza, kwa sababu kwa miezi nilikuwa natafuna mchele mbichi. Nikiwa nasahihisha insha, bakuli liko pembeni, mkono unakwenda wenyewe. Sikumwambia mtu yeyote. Nililiona ni zoea tu. Tabibu alilijua kwa jina na akaandika kwenye karatasi.

Kipimo kikatoka: wingi wa damu gramu 7.6 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu, na chini ya 8 kuwa ni upungufu mkubwa. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe katika kizazi, ule ambao si saratani na ambao ni wa kawaida mno kwa wanawake wa Kiafrika, hasa tukikaribia miaka 50. Kila mwezi nilikuwa napoteza damu kuliko mwili ulivyoweza kuifidia, na kwa kuwa ilikuja pole pole, nilizoea.

Madini ya chuma yanahitajika kubeba oksijeni, na yanahitajika pia ndani ya ubongo, katika kutengeneza kemikali zinazoshika hisia na umakini. Yakiisha, mtu huchoka, hukosa subira, husahau, hushindwa kukaza mawazo, moyo humwenda mbio. Zitazame dalili hizo moja moja: kila moja yaweza kuitwa msongo. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa mwanamke mwenye majukumu mengi kuambiwa kwamba ni mawazo, naye akakubali, kwa kuwa mawazo kweli anayo. Fikiria tangi la maji juu ya paa: matumizi ya nyumba ni yaleyale, ila bomba linaloingiza limeziba, na watu wa nyumbani wanagombana kwa nini fulani ameoga maji mengi.

Nilipewa vidonge vya chuma na maelekezo ambayo yanafaa kusambazwa: usivinywe na chai wala kahawa, maana vinywaji hivyo vinazuia chuma kisifyonzwe, kunywa na maji ya machungwa au kitu chenye limau, choo kikiwa cheusi usiogope, na usiache mara tu unapojisikia nafuu, kwa sababu damu ikisharudi bado akiba ya mwili inahitaji miezi mingine kadhaa ya kujazwa. Uvimbe nao ukapangiwa matibabu yake.

Damu si sababu pekee. Tabibu yuleyule alinieleza vingine anavyovitafuta mtu akimjia na malalamiko kama yangu: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya muda mrefu, baadhi ya dawa, na kwa wanawake wa rika langu mabadiliko ya kuelekea kukoma hedhi, ambayo hukata usingizi kwa joto na jasho la usiku. Alitafuta pia sonona. Aliniuliza bila kuzunguka kama bado kuna kitu kinanifurahisha, kama naona kesho, kama nimewahi kuwaza kwamba heri nisingekuwapo. Maswali hayo hayana aibu. Ambaye jibu lake la swali la mwisho ni ndiyo asisubiri miadi; aende siku hiyohiyo na asiende peke yake.

6. Kabla ya kutatua yote, chagua moja

Huko Harare nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kuwasikiliza watu wenye msongo na sonona. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno, lakini bibi walikuwapo. Walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na yalionyesha kwamba waliopitia kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi miezi sita baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonivutia katika njia yao ni hatua moja: mtu anataja shida zake zote, kisha anasaidiwa kuchagua moja tu ya kushughulikia kwanza.

Mtaani kwetu hakuna benchi la mradi, lakini kuna baraza ya jirani yetu, mkunga mstaafu, ambaye sisi sote tunamwita Bi Mkubwa. Hana haraka, na siri yako haivuki ngazi zake. Nilimweleza mambo kwa mfululizo: mama, madaftari, ada, damu, paa linalovuja, kaka asiyepiga simu, mwanafunzi mwenye kalamu. Alinyamaza mpaka nikamaliza, akaendelea kusuka ukili wake, halafu akauliza, "Mwanangu, katika haya yote, lipi likitoka leo utapumua?"

Jibu lilikuja bila kufikiri. Usiku.

Nilishangaa kwamba sikutaja hela. Mtu aliyeelemewa huona mambo yote yana ukubwa mmoja na yote yanadai leo, ndiyo sababu hawezi kuanza popote. Kuulizwa swali lile na mtu mwingine kulinipangia foleni ambayo kichwa changu kilishindwa kuipanga.

7. Kuuguza nyumbani ni kazi, hata kama hakuna mahali imeandikwa

Katika orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linaeleza uchovu wa kazi kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi tena lolote la maana. Linasema wazi kwamba istilahi hiyo ihusishwe na ajira tu. Naheshimu sababu za kitaalamu, lakini mimi nilikuwa na mambo yote matatu nikiwa karibu na kitanda cha mama yangu, na kitanda hicho hakina mkataba, likizo wala mwisho wa mwezi.

Ushahidi wa uzito wa kazi hiyo upo. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau na wengine 13 wa umri na kipato kinachofanana. Waliwatoboa jeraha dogo la milimita 3.5 kwenye mkono na kulifuatilia. Majeraha ya wauguzaji yalichelewa kupona kwa siku 9. Walikuwa watu wachache, lakini vipimo vilikuwa vya ngozi, na ngozi haiwezi kujifanya.

Nilichukua karatasi ya mtihani iliyobaki nikaandika kila kinachofanyika kwa mama kuanzia alfajiri hadi alfajiri: vidonge vya presha, kumkalisha wima kabla ya kumpa uji ili asipaliwe, kunyoosha vidole vya mkono wa kulia visikakamae, kugeuza, kufua. Nikaipiga picha nikamtumia kaka yangu Dar es Salaam. Alinipigia jioni hiyo, sauti imebadilika, akaanza kuzungumzia kuongeza kiasi anachotuma. Nikamwambia, "Kaka, hela inafika na tunashukuru. Ninachohitaji ni usiku."

Alikaa kimya kidogo. Sasa hivi kila mwisho wa mwezi hupanda basi Ijumaa na hushika zamu za usiku hadi Jumapili. Mdogo wangu wa kike, anayeishi nasi, tuligawana naye usiku wa siku za kawaida: mmoja anashika mpaka saa nane, mwingine anapokea. Asiye zamu hulala chumba cha nyuma, mlango umefungwa.

8. Kuambiwa "subiri" hakutoshi

Nilishauriwa sana kusubiri na kusali. Nasali, na sala imenishika mahali ambapo dawa haifiki. Lakini dini yangu hiyohiyo inamruhusu mgonjwa kutofunga katika mwezi wa Ramadhani na kuilipa funga akipona. Inautambua mwili na mipaka yake. Anayemwambia mtu mwenye damu 7.6 kwamba amepungukiwa subira anamtwisha sharti ambalo dini yenyewe haikumtwisha.

9. Uwezo hurudi vipande vipande

Damu ilianza kupanda baada ya wiki chache, na kitu cha kwanza kurudi kilikuwa pumzi: ngazi za shuleni zikawa ngazi tu. Hamu ya mchele mbichi ikaondoka bila mimi kuipiga vita. Kisha ukarudi uamuzi. Sokoni nanunua na kuondoka. Kicheko kilichelewa. Uvumilivu wa kelele umechelewa kuliko vyote, na mpaka leo haujarudi wote. Simu ikilia usiku bado nashtuka kuliko inavyostahili.

Hilo la kelele limenifundisha kupanga siku zangu kwa kufuata uwezo nilionao sasa. Madaftari siyapeleki tena nyumbani. Nasahihisha shuleni vipindi ninapokuwa sina darasa, na yasiyokwisha yanalala kabatini. Insha ndefu nimezipunguza, na badala yake wanafunzi huandika aya moja moja ninayoweza kuirudisha siku ileile. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa na karatasi ya hospitali, nikamwomba muhula huu nisiwekwe mwalimu wa zamu. Alisoma, akaniuliza mama anaendeleaje, akachukua kalamu akabadilisha ratiba. Siku ya pili yake walimu wawili walinifuata kila mmoja kwa wakati wake, mmoja kwenye kibanda cha chai, mwingine nje ya lango, na wote wawili walitaka kujua kipimo cha damu kinafanyika wapi na saa ngapi.